Amina Yetu Tutaiweka Wapi

Likasi, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Yaya Urbain, mukubwa wangu,

Bwana asifiwe! Kwa kuwa réseau ya telefoni haifiki huko kwenu, barua hii iko mu mikono ya Idi, dereva wa lori ya samaki. Nilimuambia: ukiipoteza nitakutangaza ku micro, jina yako na jina ya mama yako, saa ya habari ya bafu, benye balikufa. Alicheka sana, lakini aliiweka mu mufuko ya shati, upande wa moyo.

Siye huku tuko. Courant ya umeme inakuja, inatukimbia. Tangu ulirudi kwenu kisha ya matanga ya Sylvie, muke wako, bantu habaachi kuniuliza: fundi wetu wa redio iko wapi? Minye nasema anapumzika. Miaka mbili ya kupumzika, Yaya! Mungu mwenyewe alipumzika siku moja.

Sasa sikia. Mu mwezi wa kenda Redio Utulivu inatimiza miaka makumi tatu. Comité ya kanisa balinipa kazi ya kuandika historia yake, niisome mbele ya bantu siku ya jubilei. Na kisha ya jubilei, banataka kukata muziki yetu. Banasema muziki ya ogani na violon, bila maneno, haiokoi muntu; afazali mahubiri kutoka asubuhi mpaka magaribi. Minye nabishana nao peke yangu. Nimechoka, nakuambia kweli. Na minye nilikuta redio ikiwa inatembea. Mambo ya mwanzo unayajua weye na Pastor Joachim, na Pastor Mungu alisha kumuita. Niandikie yote, hata ya kuchekesha.

Nakutumia pia kamashini kadogo ka kusikilizia muziki, na écouteurs zake za kuweka mu masikio. Ndani niliweka muziki yetu yote, lakini mupya, safi, yenye batoto ba studio balipata ku ordinateur, kompyuta ya studio. Hata ile ya ogani, ile ya diski ya kuku! Sasa inapita moja kwa moja, hakuna mukwaruzo. Sikiliza mpaka mwisho. Kisha ya ogani kuisha, nilisema maneno yangu kidogo. Kuiandika nilishindwa, njo nikafunga mulango ya studio nikaisema. Unijibu ile kwanza, mengine itafuata.

Mudogo wako,
Clotilde


Ku ziwa, upande wa Kinkondja, tarehe 19 mwezi wa sita 2024

Clotilde, mudogo wangu wa kelele mingi,

Jambo na salamu. Barua ilifika. Ilikunjika kidogo na inanuka samaki, lakini ilifika. Usimutangaze Idi.

Unaomba mwanzo. Mwanzo ilikuwa sanduku moja ya diski. Mama mumoja mubelgiji, muzee sana, alikuwa anarudi kwao. Alizileta kwa Pastor Joachim, akasema: hizi haziingii mu valizi, na mume wangu alizipenda. Pastor alizisikiliza juma muzima. Kisha aliniita, minye mwenye kutengeneza poste za redio za bantu ku soko, akaniambia: Urbain, mu muji hii bantu banalala na kelele ya mashini, banaamuka na kelele ya mashini, tubape kitu ingine. Njo hivi tu. Hatukuwaza mbali.

Studio ilikuwa sakristia, kachumba nyuma ya mazabahu. Tulibandika ku kuta bikartoni bya mayai na bitenge bya zamani, ili sauti isirukeruke. Antena tuliifunga ku muti ya eucalyptus. Ikabaki waya ya shaba. Kukosa shaba mu Likasi, muji ya machimbo ya shaba, ona haya! Siku ya Mungu, bakristo ba Kambove balifika na rouleau muzima ya waya juu ya kichwa, banaimba, baliiweka ku mazabahu kama sadaka. Pastor aliuliza: imetoka wapi? Muzee mumoja akajibu: Pastor, weye bariki tu. Pastor alifunga macho, akabariki.

Bantu balitutukana mwanzo. Balisema ile njo muziki ya matanga ya bazungu. Kidogo kidogo bamama balianza kuacha poste inalia wakati banapika, juu ya vile batoto balikuwa banalala vizuri. Kisha bababa pia, lakini bao balikuwa banajificha.

Na kuku, kwa kuwa najua utaniuliza. Ilikuwa Siku ya Mavuno. Sakristia ilijaa sadaka: mihogo, mahindi, na kuku moja yenye balifunga miguu vibaya. Ogani inalia, micro iko wazi. Kuku ikajifungua, ikaruka, ikasimama juu ya diski yenyewe, ikazunguka nayo, inapiga kelele, mpaka nikaikamata mukia. Likasi muzima ilisikia. Pastor alicheka mpaka akakaa chini. Lakini diski ilibaki na kidonda. Sindano ikifika pale, inarudia ileile, inarudia, inarudia. Hatukukuwa na diski ingine ya ile wimbo. Njo nikajizoeza: ikikaribia, nainua sindano na kidole, napita juu ya kidonda, naishusha pole. Pale katikati kulikuwa kimya, kiasi ya pumzi moja. Kila asubuhi na kila magaribi, tulifungua na tulifunga redio na ile wimbo na ile kimya.

Nilikuwa na haya ya ile kimya, Clotilde. Kama ulisha kuitupa ile diski, ulifanya vizuri. Na usimutaje kuku ku micro, nakuomba.

Muziki ya kamashini iko muzuri sana, safi kabisa. Merci. Huku ziwa imejaa na samaki iko mingi. Ndugu yangu alirekebisha paa. Nakutumia samaki ya kukausha, mugawane na batoto ba studio.

Yaya wako,
Urbain


Likasi, tarehe 4 mwezi wa saba 2024

Yaya Urbain,

Nilicheka ile ya kuku mpaka batoto ba studio balikuja kuangalia kama niko muzima. Itasomwa! Utaenda kunishitaki wapi?

Lakini sikia yenye ilitupata. Tangu uliondoka tulikuwa tunapitisha ile wimbo ku kaseti yenye ulirekodi weye, na kimya yake; kaseti ilikatika, njo juzi nikapitisha ku redio ogani mupya, ile safi. Haikuisha hata, Mama Khadija akasimama ku mulango, ule muislamu mwenye kuuza beignets, maandazi ya mafuta, ngambo ya barabara, mikono bado na unga. Akaniuliza: "Mama Clotilde, mulifanya nini? Amina yetu tutaiweka wapi?"

Nikasema: "Amina gani, mama?"

Akaniangalia sawa vile banaangalia mutoto. "Ile ya pale mulikuwa munanyamaza, ili siye tuseme Amina. Mama yangu alikuwa anaisema, minye naisema. Leo niliinua mikono, muziki ikanipita juu. Sasa Amina yangu ilibaki huku." Na akajigusa ku koo.

Yaya, ulikuwa unajua? Nilituma batoto baulize. Ku soko banaisema. Ku Kambove banaisema. Chorale moja ya Mulungwishi banaimba ile wimbo bila maneno, na kimya ileile, juu kiongozi wao alijifunza ku poste, na anafikiri njo vile iliandikwa ku Ulaya! Tulikuwa tunajifungia na bikartoni bya mayai, muji muzima inatuitikia, na siye hatukusikia kitu. Nilipomuambia Mama Khadija kwamba ile kimya ilikuwa kidonda ya kuku, alisema: "Kuku ya Mungu." Akarudi ku mafuta yake.

Diski sikuitupa. Iko mu kabati, mu kitenge. Lakini nani atainua sindano? Batoto balijaribu. Mumoja alichelewa, ikarudia-rudia. Mwingine aliisukuma, ikateleza mpaka mwisho.

Sasa minye na weye. Nilikuomba usikilize mpaka mwisho, unijibu. Unanijibu samaki. Nilisema maneno yenye sijasema kwa muntu mwingine, nililia mule ndani, na weye unaandika "safi kabisa". Na Idi anasema alikupigia honi nyuma, karibu akukanyage, haukugeuza hata kichwa. Ulianza kujivuna, Yaya? Ao ulinikasirikia juu ya diski? Andika ndiyo ao hapana, njo naomba.

Clotilde


Ku ziwa, tarehe 17 mwezi wa saba 2024

Clotilde,

Usikasirike. Hapana kujivuna, na diski haiko kitu kati yetu. Siku ile Idi alinipigia honi, nilikuwa na mawazo.

Maneno yako ya mwisho nilisikia yote. Ni maneno ya muntu mwenye akili. Ndiyo, nakubali. Ufanye vile ulisema, na Mungu akusaidie.

Ya Amina sikujua. Nilisoma ile pahali, nikaenda ku maji, nikarudi nikaisoma tena. Ndugu yangu alifikiri kuna habari ya kifo. Nilimuambia hapana, ni habari ya kuku. Salimia Mama Khadija.

Urbain


Likasi, tarehe 1 mwezi wa nane 2024

Muzee Urbain,

Barua yako nimeipata. Ili pasiwe na kosa, naandika hapa yenye nilisema mu kamashini.

Nilisema: rudi. Nyumba kadogo nyuma ya studio iko wazi, niliisafisha, niliweka kitanda na meza. Nilisema kiti yako ku upande ingine ya kioo ya studio iko tupu, na kila asubuhi minye nasalimia muji nikiangalia kiti. Nilisema siwezi kushika hii redio peke yangu, na sitaki. Na nilisema: kama haurudi mbele ya jubilei, nitabapa comité mafungulo ya studio, bafanye mahubiri yao, minye naenda kuishi kwa dada yangu Danielle ku Kolwezi.

Na weye unajibu: ndiyo, fanya vile ulisema, Mungu akusaidie.

Sawa. Nitabapa mafungulo. Merci kwa samaki.

Clotilde
Redio Utulivu


Ku ziwa, tarehe 14 mwezi wa nane 2024

Clotilde, Clotilde, usibape mafungulo!

Sikusikia. Kamashini yako iko bado mu plastiki yake, sijaifungua, juu sina kitu ya kuisikilizia. Masikio yangu ilikufa. Ya kushoto ilianza kuniacha mbele ya ugonjwa wa Sylvie. Nilikuficha, nikawa nageuza kichwa ukisema na minye ku barabara. Ya kuume ilifuata. Ku matanga yake chorale iliimba karibu na sanduku, na minye niliona binywa tu. Muke wangu aliimbiwa, sikusikia hata neno.

Njo nikarudi huku. Ku ziwa hakuna muntu anangojea Urbain asikie kama muziki iko juu ao chini. Batoto ba ndugu yangu bananivuta shati kama banataka kusema na minye. Umuombee Idi samahani juu ya honi yake, masikini.

Nilijibu "ndiyo" juu nilifikiri unaniomba ruhusa ya kutupa bintu bya zamani. Nilikudanganya kwa haya. Fundi wa redio mwenye hasikii! Ningekaa mu ile studio kufanya nini, kuonewa huruma? Ulikuwa unaniheshimu, nikataka nibaki vile mu kichwa yako.

Nililia niliposoma ile ya kiti. Lakini siwezi kurudi. Weye baki, nakuomba. Kama weye unaenda, muji itarudilia kelele yake.

Urbain


Likasi, tarehe 27 mwezi wa nane 2024

Yaya wangu, mujinga wangu,

Barua yako niliisoma mu barabara, mbele ya lori, mpaka Mama Khadija akaniletea kiti. Nililia. Kisha nilikasirika, nikakutukana kidogo mbele ya Idi. Sasa nimetulia, naandika.

Niambie: miaka yote ile, ni lini weye na minye tulisemezana na masikio? Kioo ilikuwa kati yetu. Minye upande wa micro, weye upande wa mashini, na micro ikiwa wazi hakuna mwenye kufungua kinywa bule. Ukigonga kidole ku saa, nilijua nifupishe. Ukivuta sikio, sauti yangu iko chini. Ukizungusha mukono ku tumbo, njaa, tutume kwa Mama Khadija. Na siku ile nilisoma kifo ya Pastor Joachim, sauti ikanikatika katikati ya jina yake. Fundi mwingine angepitisha muziki haraka, afunike aibu. Weye haukugusa kitu. Uliweka mukono ku kifua, ukaniangalia, ukangojea, mpaka nikamaliza. Uliniambia nini na kinywa siku ile? Hakuna. Na nilisikia yote.

Na diski? Kidonda haukuwa unaisikia, ulikuwa unaiona! Nilikuangalia miaka mingi, usinidanganye minye. Unainama mpaka pua inakaribia sindano, kidole tayari, unangojea ipite. Kidole yako haikukuwa na masikio, na haikukosa hata mara moja.

Sikuombi usikie muziki. Batoto ba studio banasikia, hata kupita kiasi. Nakuomba ukae ku kiti yako. Huruma huku hatuna, tuko na kazi. Mafungulo iko bado mu mufuko yangu. Nilibaambia comité: ngojeni jubilei, musikilize muji kwanza, kisha mukate kama mutaweza.

Idi anarudia kwenu. Hatapiga honi. Nilimuambia ashuke, akukamate mukono, na asiuache mpaka Likasi.

Mudogo wako mwenye kukungojea,
Clotilde


Likasi, nyumba nyuma ya studio, tarehe 16 mwezi wa kenda 2024

Clotilde,

Barua hii haiendi mbali. Nitaibandika ku kioo, utaikuta asubuhi. Naandika kwa kuwa sauti yangu sijui tena namna inatoka. Nilimuambia Idi aksanti pole-pole, na mbuzi ya ngambo ya barabara ilikimbia.

Nataka uwe nayo mu maandiko, yenye niliona jana mu kanisa, ku jubilei. Ukisoma historia, minye nilikuwa naangalia sura ya bantu. Nilijua ulifika ku waya ya Kambove, juu bazee ba nyuma balianza kusukumana na viwiko. Nilijua ulifika ku kuku, juu bantu bote balicheka, na prezida wa comité akavua miwani, akapangusa macho. Nilishikwa na haya. Kisha haya iliisha, sijui ilienda wapi.

Ukanipa alama. Nikaweka diski ku mashini yenye tulileta karibu na mazabahu. Nikaweka kidole karibu na sindano, nikaomba Sylvie, kule iko kwa Mungu, aishike. Nikaona kidonda inakuja, inang'aa kidogo sawa vile zamani. Nikainua.

Miaka yote nilikuwa nainua nikiangalia chini, kwa haya. Jana niliinua na macho pia.

Clotilde, niliona. Kanisa muzima, kinywa moja. Bamama na batoto ku mugongo. Chorale ya Mulungwishi mu kanzu zao. Mama Khadija ku mulango, bassine ya beignets ku kichwa, mikono juu, bassine haikuanguka. Bote balisema kitu moja, na niliisoma ku binywa sawa vile nasoma barua yako. Ku matanga ya muke wangu binywa ilinifukuza. Jana ilinipokea.

Unisamehe, sindano niliiacha juu kupita kawaida. Nilitaka kuona vizuri.

Nilisema Amina minye pia. Lakini ulikuwa unaangalia bantu, sikuona sura yako, na sijui kama ilitoka.

Yaya wako,
Urbain


Ku mugongo ya karatasi ileile, asubuhi

Yaya,

Ilitoka. Bote balisha kunyamaza, sindano bado iko juu, na micro wazi, njo Amina yako ikatoka peke yake, nguvu sawa ya muntu anaita mwenzake ngambo ya mutoni. Balisikia mpaka Kambove. Mumoja alitelefoni kuuliza ni pastor gani mupya.

Prezida wa comité aliniuliza kama ilipangwa. Nikasema ndiyo, kila kitu ilipangwa. Alivaa tena miwani yake, akasema: basi asubuhi na magaribi musiguse, mahubiri itafute saa yake. Mafungulo inabaki kwetu.

Na sikuangalia bantu. Niligeuka kwa kuwa nilikuwa nalia, na nilijua weye unanisoma sura.

Diski iko tayari upande wako. Ukimaliza kusoma, inua macho. Niko hapa ngambo ya kioo, mukono ku kifua, na micro inafunguka sasa hivi.

Clotilde